Tezi Iliyotiwa Chumvi

Katika miaka ile ambayo mji wetu ulikuwa ukivunjika, ndugu wa mgonjwa ndio waliobeba nyama. Nasema nyama kwa sababu sina subira ya kutafuta neno la heshima. Daktari wa upasuaji hukata kipande kwenye uvimbe, hukitia kwenye chupa yenye formoli, dawa inayozuia nyama isioze, tarishi hukipeleka maabara, na huko kuna mtu wa kukisoma kwa darubini na kusema huu ni ugonjwa gani. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini tarishi alikuwa ameondoka, chupa zilikuwa zimeporwa pamoja na rafu zake, na formoli ilikuwa kitu cha kuombea dua. Kwa hiyo mama au shangazi au kaka alingoja mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akakabidhiwa kipande cha mtu wake kikiwa bado na joto, akaambiwa: peleka kwa mama dokta, jengo la nyuma, karibu na mochwari.

Mama dokta nilikuwa mimi. Waliniletea vipande kwenye makopo ya maziwa, kwenye glavu zilizofungwa fundo, kwenye chupa za jemu ambazo bado zilinukia matunda. Wengine walitia lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa uani kule Katuba. Lutuku, kusema kweli, haikuwa mbaya. Ilikaza nyama kuliko maji ya bomba. Baba mmoja aliniomba nimrudishie lutuku yake baada ya kutoa kipande cha titi la mkewe. Nilimrudishia, na sikuuliza inakwenda wapi.

Umeme ulikuja ulipotaka. Niliweka darubini dirishani, nikageuza kioo chake kidogo cha chini kitafute jua, nikasoma mpaka jua lilipohama. Nta ya kugandishia vipande tuliiyeyusha na kuitumia tena na tena mpaka ikawa na rangi ya chai. Wenzangu wawili walikuwa wamevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kutafuta kazi Zambia na hawakurudi. Nilibaki si kwa ushujaa. Nilibaki kwa sababu nilichoka, na mtu aliyechoka hafungi mizigo.

Wakati huohuo watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, walikuwa wanafukuzwa. Babu zao waliletwa kujenga reli na kuchimba shaba. Wao wenyewe walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakazika watu wao hapa. Sasa waliambiwa warudi kwao, na huko kwao wengi hawakuwahi kukuona hata kwa picha. Waliacha nyumba zao, au waliondolewa, wakaenda kulala gare, kituo cha treni, na vitanda vyao na masufuria yao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Baba yangu alikuwa mtu wa upande huu, kwa hiyo mimi hakuna aliyenigusa. Binamu yangu mmoja alipita barabarani akiimba matusi dhidi ya majirani ambao tulikula nao Noeli. Nilimwonea haya, halafu nikamkasirikia, halafu sikuwa tena na nguvu ya kuhisi chochote juu yake. Nilikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa mtaa wa Kampemba. Alikuwa mnene, mwenye umri wa mama yangu, kikwembe chake kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Alikiweka mezani kwangu, akakifungua pole pole, akarudi nyuma hatua moja ili nione vizuri.

Ndani kulikuwa na kitu kidogo cha kahawia, kigumu, ukubwa wa haragwe. Kilinukia moshi.

"Njo ile nyama ya shingo ya mutoto wangu," akasema. "Nilikuya siku ile bamekata, mulango yako ilikuwa ya kufunga. Dokta wa kukata aliniambia: mama, isioze, ikioza hatutaona kintu. Basi haikuoza. Angalia."

Siku ile mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu vijana walikuwa wamefunga barabara kwa matairi ya moto, nami nilirudi nyumbani.

"Ulifanya nini, mama?"

"Niliweka chumvi. Kiisha nikaweka juu ya mbabula ya makaa, moshi tu, moto hapana. Mie nauzishaka samaki pale soko ya Kampemba, miaka mingi. Samaki yangu haina hata dudu moja. Uliza bantu."

Nilikitazama kile kipande, nikamtazama yeye. Alikuwa amesimama wima, akingoja kusifiwa. Kusema haki alistahili sifa, maana hakuna nyama niliyowahi kuletewa ikiwa imehifadhiwa kwa uangalifu namna ile. Mimi nilitaka kucheka, na chini ya kicheko kulikuwa na kilio, na sikuwa na nafasi ya kimojawapo. Nilimwomba akae. Nilimweleza kwamba chumvi hunyonya maji ndani ya nyama, na ninachotafuta mimi kinaishi ndani ya maji hayo. Kwamba samaki wa kuliwa na nyama ya kusomwa havihifadhiwi kwa njia moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nimeiharibu," akasema.

"Hukuambiwa, mama. Walisema isioze, hawakusema ufanye nini."

Hata hivyo nilijaribu. Nililoweka kile kipande, nikakikata, nikakipaka rangi, nikakitazama siku zilizofuata. Kilikuwa kama ukurasa uliomwagikiwa na chai ya moto. Seli zilikuwa zimenyauka zote, na la kuvunda halina ubani.

Lakini siku ile ya kwanza, kabla hajaondoka, alinieleza shida yake, na ndiyo iliyonifanya nisimsahau. Mwanawe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Homa ilimshika miezi mingi iliyopita. Ikamwacha, ikarudi, ikamwacha, ikarudi. Shingo ikavimba, kwapa zikavimba, wengu ukajaa tumboni. Akakonda. Madaktari walisema ni kifua kikuu, kama walivyosema kwa kila mtu aliyekonda wakati ule, wakampa vidonge vyekundu. Alivimeza kwa utii wa mwalimu. Homa haikusikia, na sasa macho yalikuwa yanageuka manjano. Mke wake alikuwa amekwisha kutangulia Mwene-Ditu, huko Kasai, na watoto kwa treni ya mwanzo, walipodhani baba atapona na kuwafuata. Nyumba yao ya Kampemba ilikuwa tayari na watu wengine ndani. Mama na mwana walikuwa wanalala gare.

"Dokta," akasema, "kama iko kifua, banasema dawa iko hapa, kule haiko. Basi tutabakia, hata bakituchoma. Kama haiko kifua, nimupandishe treni, aone batoto yake. Bibi yake hajue hata kama anagonjwa vile. Miye najua kubeba mugonjwa, najua kulala na njala. Hii moja tu sijue: nimupandishe ao nimubakishe?"

Hilo ndilo lililokuwa linaulizwa. Watu hudhani kazi yangu ni kutaja majina ya magonjwa. Mara nyingi jina halina faida kwa mtu yeyote ila mwenye kulitaja. Safari hii lilikuwa na faida, kwani mtu alilihitaji ili ajue apande au asipande.

Nilikwenda kumwona daktari wa upasuaji. Naye alikuwa mtu wa Kasai, mwenzangu tangu chuo, na alikuwa amekwisha kufunga vitabu vyake kwenye gunia la mkaa ili wezi wasivitamani.

"Nipatie tezi nyingine," nikamwambia. "Ya kwapani. Nzima, usiniletee ukingo."

"Dada yangu, mie mwenyewe niko naenda. Kesho ao kesho kutwa."

"Basi kata leo."

Alivua saa yake, akaanza kunawa mikono. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetusumbua. Aliketi kwenye kitanda cha chuma, mrefu, mifupa mitupu, soksi za kijivu zimevutwa hadi magotini ingawa jua lilikuwa kali.

"Bakate tena?" akamwuliza mama yake. "Ile ya kwanza ulifanya mboga."

"Papa, usinichekee," mama akasema. Alimwita papa, yaani baba, kwa sababu mwana alibeba jina la baba mzazi wa mama huyo, na kwa watu wetu mtoto wa namna hiyo hapigiwi kelele ovyo hata akikua mjinga. "Umuache akate. Unaingia mutu moja, utatoka tu mutu moja, hautapungua."

Mwana alicheka, na kucheka kukamletea kikohozi, na baada ya kikohozi akanyanyua mkono ili kwapa lionekane.

Formoli sasa. Ilikuwako sehemu moja tu, nayo ni mochwari, mlango wa pili kutoka kwangu. Watu wa Kasai waliokufa gare hawakuzikwa upesi. Jamaa walitaka kungoja ndugu, au walitumaini kupata nafasi ya kusafirisha maiti, kwa hiyo waliitafuta formoli popote na kuileta wenyewe. Kufa kufaana. Mlinzi wa mochwari alikuwa na dumu, naye alilikalia. Simaanishi aliliweka tu. Alilikalia kama kiti.

"Nipe kikombe kimoja," nikamwambia.

"Mama dokta, hii iko ya bafu. Familia njo inaleta."

"Wafu wako hawana haraka."

"Beko na haraka kupita weye. Jua iko mukali."

Tulibishana. Mimi nikiwa nimechoka huwa mkali, na yeye akiwa amechoka huwa mpole, jambo linalokera zaidi. Nikamwambia kwamba amegeuza serikali ya wafu kuwa na nguvu kuliko ya wazima. Akaniuliza hiyo ya wazima iko wapi, nimwonyeshe. Kwenye benchi la ukutani alikuwa ameketi mjane, nguo nyeusi, viatu mkononi. Dumu lile lilikuwa limeletwa na watu wake. Hakunyanyua hata kichwa.

"Umupe," akasema. "Mume wangu anaisha kunywa ya kutosha. Umupe huyu dokta ya bazima."

Mlinzi alisimama, akafungua dumu, akanijazia kikombe cha bati. Nilimshukuru yule mama kwa kumpigia goti kidogo kama tunavyofanya mbele ya mama wakubwa, nikaondoka haraka kabla mvuke haujanitoa machozi. Machozi yalipotoka baadaye, niliusingizia mvuke.

Tezi ile ya kwapa ilikuwa nzuri. Sipendi kusema ugonjwa ni mzuri, lakini kila anayefanya kazi hii anajua ninachosema: ilikuwa nzima, ya waridi, imekatwa na mkono uliojua. Ilikaa ndani ya formoli, ikapita ndani ya nta yetu ya rangi ya chai, nikaikata kwa kisu ambacho nilikuwa nimekinoa mwenyewe siku nzima huku nikilalamika. Halafu nikangoja jua.

Nilianza kutafuta kifua kikuu, maana ndicho kilichoulizwa. Kifua kikuu ndani ya tezi huacha alama: sehemu zilizokufa kama jibini, seli kubwa zilizoshikamana kuzizunguka. Hapakuwa na hata moja. Nilipita kona hadi kona. Badala yake niliona vile vijumba vya duara ambavyo kila tezi huwa navyo, lakini vilikuwa vimechakaa, katikati patupu, na seli ndogo zimejipanga kuvizunguka duara ndani ya duara, sawasawa na kitunguu kilichokatwa kati. Mshipa mdogo wa damu ulikuwa umechoma katikati ya kila kitunguu. Na nafasi zote baina yake zilijaa seli zile zinazotengeneza kinga, zimesongamana, zinafanya kazi kama vile kuna adui mlangoni. Huo si uvimbe wa saratani. Ni mwili unaowaka. Ni homa yenyewe, ukiiona kwa macho.

Nilikumbuka mwalimu wangu mmoja wa zamani, aliyetuonyesha kitu kama hicho mara moja tu, akasema: mkikiona hiki, tafuteni na kile kingine pembezoni. Nilisogeza kioo hadi ukingoni, chini ya ngozi ya tezi. Kilikuwapo. Seli nyembamba ndefu zimelala pamoja, na kati yake nyufa zilizojaa chembe nyekundu za damu. Kaposi. Saratani ile ya madoa meusi, ambayo tulikuwa tumezoea kuiona kwenye ngozi za watu, ilikuwa imejificha pembeni mwa tezi inayowaka.

Nilikaa mbali na darubini. Magonjwa mawili ndani ya tezi moja, moja uvimbe na moja moto, na hakuna lililomjua mwenziwe, au ndivyo vitabu vilivyosema. Mimi sikuamini. Nilisema kwa sauti, chumbani peke yangu, kwamba hizi ni kazi za mkono mmoja. Miaka michache baadaye padri mmoja aliyetoka Ulaya aliniletea gazeti la madaktari, na humo nikasoma kwamba wamempata: kirusi cha ukoo wa herpesi, ndugu wa kile cha tetekuwanga na kile cha malengelenge ya midomo. Hupita kwa mate, mara nyingi utotoni, hukaa kimya ndani ya mtu, na kinga ya mtu ikichoka huamka. Kwa mmoja hufanya uvimbe, kwa mwingine huwasha mwili mzima, kwa mwingine vyote viwili. Ningefurahi, nadhani, kama ningesoma habari hiyo wakati ninaihitaji. Nilikunja lile gazeti nikalitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Siku ile nilifunga maabara nikaenda gare.

Sitaeleza gare. Walioiona wanajua, na wasioiona wafikirie mtaa mzima uliomwagwa sakafuni. Mama nilimkuta kwa harufu ya samaki. Alikuwa amekwisha kupata wateja. Mwana alilala nyuma yake juu ya godoro lililokunjwa, akitetemeka juani.

"Vua soksi," nikamwambia.

"Dokta, bamenikata shingo, bamenikata kwapa. Sasa na miguu?"

"Vua."

Hakutaka. Mama yake ndiye aliyezivuta, moja halafu nyingine. Kwenye nyayo zote mbili, na kupanda hadi vifundoni, palikuwa na vinundu vigumu vyeusi vya zambarau, rangi ya damu iliyoganda chini ya ukucha. Miezi yote ile, hospitali zote zile, vidonge vyote vile vyekundu, na hakuna mtu mmoja aliyemvua soksi. Nilikasirika mpaka masikio yakalia. Yeye alidhani nimemkasirikia yeye.

"Nilijua biko," akasema pole pole. "Nilisema ni viatu."

Nilimwomba mama aniletee maji ya kunywa. Alielewa kwamba namwondoa, akaenda bila kugeuka.

"Haiko kifua," nikamwambia mwana. "Acha vidonge vile leo leo. Vinakula ini lako bure."

"Iko nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyoona: moto kwenye tezi, na saratani ya madoa, vyote pamoja. Alikuwa mwalimu, aliuliza maswali kwa mpangilio.

"Ni sida?"

"Ukimwi, pengine. Dawa ya kupimia imeisha zamani."

"Kuko dawa ya hii yangu?"

"Hapa hakuna. Kule unakokwenda hakuna. Ulaya wanajaribu."

Alitazama reli. Nikamwambia na lile lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu lilikuwa lake, si langu. Nilikuwa nimepita kwa masista wa zahanati moja kule mtaa wa Annexe, nikawaomba vidonge vya aina ya kortizoni, wakanipa walivyokuwa navyo. Vidonge hivyo vingezima ule moto. Homa ingeshuka, angekula, angesimama. Lakini hulaza pia kinga ya mwili, na kinga ikilala, madoa huenea mbio. Kile kile kinachoponya nusu ya ugonjwa huilisha nusu ya pili.

"Nitapata muda gani?"

"Sijui. Wiki kadhaa za nguvu. Pengine zaidi. Halafu itakuja mbaya."

"Na bila bile vidonge?"

"Bila hivyo, huwezi kupanda treni. Au utapanda, mama yako atakushusha njiani."

Alianza kuzivuta soksi zake tena miguuni. Jirani mmoja alikuwa anapigilia msumari kwenye sanduku.

"Nipatie," akasema. "Na mama usimuambie hii ya nyuma, ya kuwa itakuja mbaya. Umuambie tu ya kupanda."

Mama aliporudi na kikombe cha maji alikaa chini mbele yangu, akaweka mikono magotini.

"Mama," nikasema, "haiko kifua. Mupandishe."

Alifumba macho. Alinishika vidole akavibana kwa nguvu za mtu aliyefungua matumbo ya samaki maisha yake yote. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaanza kunipa samaki. Nilikataa, akasukuma, nikakataa, mwana akasema, "Chukua, dokta, la sivyo treni itatuacha bado munabishana," nikachukua. Nilimweleza namna ya kumpa vidonge, asubuhi na chakula, kupunguza pole pole vikikaribia kwisha. Alirudia maneno yangu mara kadhaa bila kukosea.

Baada ya siku chache nilipita tena. Homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo akiwafundisha watoto wa gare hesabu za kugawanya, akiwaandikia kwa mkaa sakafuni, sauti yake imerudi. Mama alikuwa anampikia bukari, ugali wetu, na kumwangalia kila tonge. Ile furaha yake niliiogopa. Nilijua bei yake na yeye hakuijua, na mwana alinitazama juu ya vichwa vya watoto ili nisifungue mdomo. Sikufungua. Nilimsalimu mama, nikamwambia mwanao anakula vizuri, nikaondoka.

Treni ilikuja bila kutangazwa, ikaondoka na watu juu ya mabehewa na ndani ya mabehewa ya ng'ombe. Mimi nilikuwa kazini. Nilisikia honi yake ndefu nikiwa nimeinamia tezi ya mtu mwingine, na sikunyanyua kichwa. Daktari wa upasuaji naye alikuwa ndani yake na magunia yake. Tangu siku ile hakuna aliyenikatia tezi nzima, kila mtu aliniletea ukingo.

Watu walikufa sana njiani katika safari zile. Habari zilirudi kidogo kidogo: waliozikwa kando ya reli, waliozikwa kwenye vituo ambavyo havina jina. Kila habari ilipofika nilimfikiria mtu mmoja tu. Mimi ndiye niliyesema mupandishe. Nilisema baada ya kuona kwa macho yangu, na ningesema tena, lakini usiku wa mashaka haujali ulichoona kwenye darubini. Nilijiambia huenda alishushwa njiani, kituo cha Luena. Nilijiambia huenda vidonge viliibwa siku ya kwanza. Mvua zikaja, zikaisha, mahindi ya watu yakakauka mashambani, na mimi bado nilikuwa naambiwa hakuna anayejua.

Halafu mchana mmoja mtu wa reli, fundi wa breki, alisimama mlangoni mwa maabara. Hakuingia; harufu ilimshinda. Alisema ametoka Mwene-Ditu, na huko kuna mama mmoja muuza samaki aliyemshika shati sokoni na hakumwachia mpaka akariri maneno yote. Alijikohoza, akasimama kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Mama anasema: tulifika. Mutoto alishuka mwenyewe, na miguu yake, bibi yake akamuona anatembea. Alikaa na batoto yake mvua yote. Alifundisha ule mukubwa kusoma. Kiisha homa ikarudi, na ile ya miguu ikapanda, na akakufa ndani ya nyumba, batoto bakimushika mikono, na tulimuzika pembeni ya baba yangu, ule alibeba jina yake. Aliniambia yote kabla ya kufa, ile muliongea siku mulinituma maji. Mama anasema: ulisema nimupandishe, nilimupandisha. Aksanti."

Niliuliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu.

Nilivua koti langu la kazi, nikaketi kwenye kizingiti, jambo ambalo mama yangu alinikataza tangu utotoni, nikamwomba ayaseme tena. Mtu wa reli alikuwa na haraka, treni yake ilikuwa inageuzwa. Alinitazama, akaweka mfuko wake chini, akaanza upya toka mwanzo: mama anasema, tulifika.